Maandishi Yana Ukungu: Kosa la Kompyuta au la Macho Yako?

Leo tunaingia kwenye chumba cha kompyuta, lakini usishangae: habari yetu bado ni ya afya.

Hebu fikiri uko shuleni Kamsamba, kipindi cha kompyuta kimeanza na mko watatu kwenye mashine moja. Mwalimu amefungua notisi. Wenzako wanasoma, wewe unaona herufi zimevimba, m inafanana na nn, na mistari imeingiwa na ukungu kama ule wa asubuhi mtoni Momba. Unapikicha macho. Unasogea mbele. Bado. Nusu saa baadaye kichwa kinagonga.

Hapo wengi husema mojawapo ya mambo mawili: "Hii kompyuta mbovu," au "Jamani, macho yangu yameharibika." Yote mawili yanawezekana. Tatizo ni kwamba watu huchagua jibu bila kupima, na kukosea hapa kuna gharama. Ukilaumu macho wakati kosa ni la mashine, utatumia nauli kwenda mjini, au utanunua miwani ya barabarani usiyoihitaji. Ukilaumu mashine wakati kosa ni la macho, ni mbaya zaidi: unaweza kumaliza kidato cha nne bila kuona ubao sawasawa, ukijiona huna akili kumbe unachokosa ni miwani tu.

Basi leo tujifunze mambo mawili: kompyuta inachoraje herufi, na jicho linaisomaje. Ukiyajua hayo, utaweza kupima mwenyewe na kujua pa kuanzia.

HERUFI NI VISANDUKU

Umewahi kuyatazama majaruba ya mpunga ukiwa mahali pa juu? Kila jaruba lina mipaka yake, na yote yamepangwa safu kwa safu. Kioo cha kompyuta nacho kiko hivyo hivyo. Kimegawanywa katika visanduku vidogo sana vinavyoitwa pikseli. Kila pikseli inaweza kuwa na rangi moja tu kwa wakati mmoja.

Kompyuta ndogo nyingi za mkononi zenye kioo cha inchi 15.6 zina pikseli 1,366 kwa upana na 768 kwa kimo. Zidisha mwenyewe: ni pikseli 1,049,088. Unaweza kusema ni nyingi mno! Lakini kioo hicho kina upana wa sentimita 34 na nusu hivi, kwa hiyo kila pikseli ina upana wa robo ya milimita. Sasa herufi ya kawaida ya ukubwa wa 12, kwa mfano "o" ndogo, inapata visanduku kama 8 tu vya kimo. Mguu mmoja wa "n" unapata unene wa kisanduku kimoja au kimoja na nusu.

Hapo ndipo penye kasheshe. Kisanduku hakikatwi nusu. Kompyuta ifanye nini na ile nusu iliyobaki?

Linganisha na kitabu. Mashine ya kuchapa ya leza ya kawaida huweka nukta 600 katika kila inchi moja, wakati kioo tulichokitaja kina pikseli 100 hivi kwa inchi. Ndiyo maana herufi ileile inaonekana safi kwenye karatasi na yenye makovu kwenye kioo. Hiyo si dalili ya ugonjwa wa macho. Ni hesabu tu.

ZOEZI LA 1: JIFANYE KOMPYUTA

Chukua karatasi ya grafu ya hesabu, penseli na ufutio.

Kwanza, chora duara dogo lenye upana wa visanduku vidogo 8. Hiyo ndiyo "o" yako.

Pili, fuata sheria hii: kila kisanduku ambacho mstari umepita sehemu yake kubwa, kipake cheusi tii. Kisanduku ambacho mstari umekigusa kidogo tu, kiache cheupe. Ukimaliza, weka karatasi mbali kidogo. Unaona nini? Duara limekuwa na ngazi pembeni. Kompyuta za zamani zilichora herufi namna hii.

Tatu, chora duara jingine. Safari hii badilisha sheria: kisanduku kilichofunikwa chote, kipake cheusi, kilichofunikwa nusu, kipake kijivu, kilichoguswa kidogo, kipake kijivu hafifu sana. Sasa weka karatasi mbali. Ngazi zimepungua, duara limekuwa laini. Lakini sogeza karibu uone: kingo zake zina ukungu.

Hongera! Umegundua mwenyewe siri ya somo la leo. Kompyuta inapochora herufi huchagua kati ya ngazi na ukungu. Ikitaka ukali wa kingo, inapata ngazi. Ikitaka ulaini, inapata ukungu kidogo. Mafundi wa kompyuta wamehangaika miaka mingi kutafuta njia ya katikati.

WALIHANGAIKAJE?

Mwanzoni kila herufi ilihifadhiwa kama picha ya visanduku vyake. Ukitaka herufi kubwa zaidi, ulihitaji picha nyingine. Ukiikuza ile ndogo, ngazi nazo zilikua.

Mwaka 1984 kampuni ya Adobe ilitoa lugha ya PostScript, ambayo iliweza kueleza herufi kwa mistari iliyopinda, si kwa visanduku. Mwaka 1991 Apple walitoa fonti za aina ya TrueType, na mwaka 1992 Microsoft wakaziingiza katika Windows 3.1. Fonti ni mtindo wa mwandiko wa kompyuta, kama vile Arial au Times New Roman. Ndani ya fonti ya namna hii hakuna picha ya "m". Kuna mchoro wa kihesabu wa umbo la "m", na kompyuta huukuza au kuupunguza, kisha huamua ni visanduku gani vipakwe.

Kuamua huko ndiko kunakoleta tofauti kati ya kompyuta na kompyuta. Zipo mbinu tatu kubwa.

Mbinu ya kwanza ni maelekezo. Ndani ya fonti huandikwa amri za kuiambia kompyuta, kwa mfano: "Miguu yote mitatu ya m iwe na unene sawa, na ikae juu ya visanduku kamili." Bila amri hizo, mguu mmoja unaweza kupata visanduku viwili na mwingine kimoja, ukadhani herufi inachechemea. Fonti ya Verdana, aliyoibuni Matthew Carter na ambayo Microsoft waliitoa mwaka 1996, ilitengenezwa makusudi kwa ajili ya kioo. Herufi zake ni pana, na nafasi kati yake ni kubwa.

Mbinu ya pili ni ile uliyoifanya kwenye grafu: kupaka rangi ya kijivu kwenye kingo.

Mbinu ya tatu ni ya ujanja zaidi. Kila pikseli ya kioo bapa kwa kawaida ina vipande vitatu vidogo: chekundu, kijani na cha buluu. Mafundi wakasema, kwa nini tusitumie kila kipande peke yake, ili tupate theluthi za kisanduku? Microsoft walitangaza mbinu yao ya namna hii, ClearType, mwaka 1998, na ikaingia katika Windows XP mwaka 2001. Ukali wa herufi uliongezeka kwa upande wa kulia na kushoto. Lakini kioo kikiwa na mpangilio mwingine wa rangi, au ukitumia projekta, unaweza kuona vivuli vyekundu na vya buluu pembeni mwa herufi. Ukiviona, usitafute dawa ya macho.

Vipi kuhusu simu? Simu nyingi za kisasa zina pikseli 300 au zaidi kwa inchi. Jicho zuri linaweza kutenganisha vitu vyenye upana wa milimita 0.15 hivi kutoka umbali wa sentimita 50, na milimita 0.09 hivi kutoka sentimita 30. Pikseli ya kompyuta yetu ni milimita 0.25, kwa hiyo jicho linaiona. Pikseli ya simu ni milimita 0.08 hivi, kwa hiyo jicho halioni ngazi. Ndiyo maana mtu anaweza kusoma vizuri kwenye simu na kulalamika kwenye kompyuta, na macho yake yakawa mazima kabisa. Apple waliiacha ile mbinu ya vipande vya rangi mwaka 2018 katika mfumo wao wa macOS Mojave. Vioo vyao vingi vilikuwa tayari na pikseli nyingi.

KISWAHILI CHETU NACHO KINA MAMBO YAKE

Andika neno "umuhimu". Hesabu miguu iliyosimama: u ina 2, m ina 3, u 2, h 2, i 1, m 3, u 2. Jumla 15! Miguu 15 imebanana ndani ya neno moja. Kioo kikiwa na ukungu, neno la namna hii linakuwa uzio wa miti. Kiswahili kimejaa maneno kama hayo: mwili, mimi, muumini, wanaume.

Kuna hatari nyingine. Alama ndogo zinaweza kumezwa. Ile alama ya juu katika ng' ni pikseli mbili tatu tu. Ikipotea, "ng'oa" ya kung'oa jino inakuwa "ngoa", ambayo ni wivu au tamaa. Hapo utacheka. Lakini fikiria nukta ya desimali katika maelezo ya dawa. Nukta inaweza kuwa pikseli moja. "Mililita .5" ikisomwa "mililita 5", mtoto amepewa dawa mara kumi! Ndiyo maana wataalamu wa dawa hushauri kuandika 0.5, siyo .5 peke yake, ili sifuri imwamshe msomaji. Nawe ukisoma kipimo cha dawa kwenye kioo, kuza maandishi kwanza, kisha umuulize mtoa dawa. Usikisie.

KOMPYUTA INAPOKUWA NA KOSA

Sasa tuje kwenye ile mashine yenu. Haya ndiyo makosa yanayoonekana mara nyingi, na dawa zake.

1. Kipimo cha kioo kimebadilishwa. Kioo chenye pikseli 1,366 kwa 768 kikilazimishwa kuonyesha 1,024 kwa 768, kompyuta inavuta picha ijae. Kisanduku kimoja kinagawanywa kwa majirani, na kila herufi inapata ukungu na unene. Fungua sehemu ya mipangilio ya kioo, na uchague kipimo kilichoandikwa "Recommended". Mara nyingi tatizo linakwisha hapo hapo. Wapo wanaopunguza kipimo ili herufi ziwe kubwa. Nia ni njema ila njia siyo. Kuza maandishi yenyewe: bonyeza kitufe cha Ctrl pamoja na alama ya kujumlisha.

2. Mbinu ya kulainisha imezimwa au haikupangwa vizuri. Kwenye Windows, andika neno ClearType katika sehemu ya kutafutia. Kompyuta itakuonyesha mifano ya maandishi, nawe unachagua unaoona ni safi. Muombe mwalimu ruhusa kwanza, maana mashine ni ya wote.

3. Hayo siyo maandishi, ni picha. Hili linawapata wanafunzi wengi. Mtu amepiga picha karatasi ya mtihani wa zamani na kuituma kwa WhatsApp. Programu hiyo hubana picha ili isile bando, na kingo za herufi zinachafuka. Hapo hakuna fonti tena, kuna picha ya fonti. Jaribu kuikuza: maandishi ya kweli yanabaki safi hata yakiwa makubwa, lakini picha inazidi kuwa na mabaka. Dawa ni kumwambia mwenzako aitume kama faili la hati, siyo kama picha. Au tafuta nakala halisi. Taasisi ya Elimu Tanzania ina maktaba ya mtandaoni yenye vitabu vya kiada.

4. Waya umelegea au ni wa aina ya zamani. Waya wa VGA wenye sindano 15 hupeleka picha kwa mawimbi yanayoweza kuyumba. Ukilegea au ukiwa mrefu sana, herufi hupata kivuli. Kaza skrubu zake.

5. Vumbi, alama za vidole na mwanga wa dirisha. Bondeni kwetu jua ni kali na vumbi si haba. Zima mashine, futa kioo kwa kitambaa laini kikavu, na igeuze ili dirisha liwe pembeni, siyo nyuma yako wala mbele yako.

SASA TUJE KWENYE JICHO

Jicho nalo lina visanduku vyake! Nyuma ya jicho kuna utando wenye chembe zinazopokea mwanga. Mbele kuna lenzi inayokusanya miale ili itue juu ya utando huo. Jicho likiwa refu kidogo kuliko inavyotakiwa, miale hukutana kabla ya kufika, na vitu vya mbali vinakuwa na ukungu. Huko ndiko kutoona mbali. Huna kosa lolote, wala hukulogwa. Miwani yenye lenzi inayotawanya miale kidogo hurekebisha.

Je, tatizo hili lipo mashuleni kwetu? Lipo. Mwaka 2002 ulichapishwa utafiti uliofanywa kwa wanafunzi 2,511 wa sekondari katika jiji la Mwanza. Wanafunzi 154, yaani 6 hivi kati ya kila 100, walikuwa na tatizo kubwa la kuona linalorekebishwa kwa miwani. Wengi wao walikuwa hawaoni mbali. Na sikiliza hili: kati ya wenye tatizo, 3 tu kati ya 10 ndio waliokuwa wakivaa miwani kabla ya utafiti. Saba waliobaki walikuwa wakikaa darasani na ukungu wao.

Jirani zetu Kenya wamefanya jambo linalogusa moja kwa moja somo letu. Daktari wa macho Andrew Bastawrous na wenzake walitengeneza programu ya simu ya kupima macho iitwayo Peek. Kioo cha simu kinaonyesha herufi E iliyogeuzwa huku na huku, na mtu anaonyesha kwa mkono imeelekea wapi. Hapo ukali wa herufi kwenye kioo ni lazima, kwa sababu ukungu wowote unatakiwa utoke kwenye jicho, siyo kwenye simu. Mwaka 2015 walichapisha matokeo kuonyesha kwamba kipimo hicho kinakubaliana na vile vya ukutani. Kisha mwaka 2018 ukachapishwa utafiti ulioongozwa na Dk. Hillary Rono katika shule 50 za Trans Nzoia. Walimu ndio waliopima. Katika shule zilizotumia Peek, wazazi walionyeshwa picha ya jinsi mtoto wao anavyoona, na wakakumbushwa kwa ujumbe wa simu. Watoto 54 kati ya 100 walioandikiwa kwenda hospitali walikwenda. Katika shule za utaratibu wa kawaida walikwenda 22 tu. Funzo ni hili: mzazi akielewa ukungu anaouona mwanawe, anachukua hatua.

ZOEZI LA 2: NANI MWENYE KOSA?

Fanya vipimo hivi vinne. Ukivaa miwani, vivae nayo.

Kipimo cha kitabu. Weka kitabu kilichochapwa vizuri kando ya kioo, umbali uleule. Kitabu ni safi na kioo kina ukungu? Shuku kompyuta. Vyote vina ukungu? Shuku macho.

Kipimo cha rafiki. Waite wenzako wawili watazame maandishi yaleyale. Wote wakiona ukungu, shuku kompyuta. Ukiuona wewe peke yako, shuku macho.

Kipimo cha hatua. Rudi nyuma hatua moja. Ukungu wa kompyuta hupungua, kwa sababu jicho halioni tena visanduku. Ukungu wa kutoona mbali huongezeka.

Kipimo cha tundu. Toboa karatasi ngumu kwa pini. Funga jicho moja, na kwa jingine tazama maandishi kupitia tundu hilo. Halafu badilisha jicho. Maandishi yakiwa safi zaidi kupitia tundu, kuna uwezekano mkubwa unahitaji miwani, kwa sababu tundu linapunguza miale inayotawanyika ovyo. Daktari wa macho naye hutumia kipimo hiki. Yasipobadilika, inaweza kuwa mashine, lakini pia inaweza kuwa ugonjwa mwingine wa macho. Rudia ukitazama kitabu au ubao ili uhakikishe.

Ongeza hiki cha tano kama una nafasi. Rudi kwenye karatasi ya grafu yenye visanduku vya milimita 2. Chora E ya visanduku 5 kwa 5: mgongo wa kisanduku kimoja, mikono mitatu ya kisanduku kimoja kila mmoja, na nafasi mbili za kisanduku kimoja. Ipake wino mweusi. E za hospitali nazo hupangwa kwa tano kwa tano hivi hivi. Simama mita 6 kwenye mwanga mzuri, funika jicho moja bila kulibonyeza, na rafiki aigeuzegeuze. Mwenye macho mazuri ataonyesha upande sahihi angalau mara 4 kati ya 5. Fanya kwa kila jicho. Wapo watu ambao jicho moja linaona vizuri na jingine halioni, nao hawajui miaka yote!

Kumbuka: vipimo hivi havichukui nafasi ya mtaalamu. Vinakuonyesha pa kuanzia tu.

NA UCHOVU JE?

Inawezekana mashine ni nzuri na macho ni mazuri, lakini baada ya saa moja unaona ukungu. Huo ni uchovu. Kwa kawaida mtu hupepesa macho mara 15 hivi kwa dakika. Akikazia kioo, kupepesa hupungua hata nusu au zaidi, macho yanakauka, yanawasha. Maandishi mabovu huongeza adha, maana unakunja uso na kusogea ili usome.

Dawa haiuzwi dukani. Kila dakika 20, tazama kitu kilicho mita 6 au zaidi kwa sekunde 20. Pepesa macho kwa makusudi. Kaa sentimita 50 au zaidi kutoka kwenye kioo. Ongeza ukubwa wa maandishi.

Vipi miwani ya kuzuia mwanga wa buluu inayonadiwa siku hizi? Uchambuzi wa tafiti uliochapishwa na Cochrane mwaka 2023 haukuona kwamba inapunguza uchovu wa macho kwa muda mfupi kuliko miwani ya kawaida. Tunza hela yako.

Kinachosaidia kweli ni kutoka nje. Huko Guangzhou, China, watoto walioanza shule waliongezewa dakika 40 za kukaa nje kila siku ya shule. Baada ya miaka 3, matokeo yaliyochapishwa mwaka 2015 yalionyesha kuwa watoto 30 hivi kati ya 100 walipata tatizo la kutoona mbali, wakati kwa wenzao ambao hawakuongezewa walikuwa 40 hivi. Kwa hiyo mdogo wako anayecheza mpira jioni hapotezi muda wote. Analinda macho pia.

UKIGUNDUA NI MACHO

Usinyamaze. Mwambie mwalimu wa darasa akuhamishie mbele wakati unasubiri. Mwambie mzazi, na mfanyie kile kipimo cha E mbele yake ili aone kwa macho yake. Nenda kituo cha afya, wao watakuelekeza hospitali yenye huduma ya macho mkoani Songwe au Mbeya. Ni safari na ni nauli, tunajua. Ndiyo sababu tumekufundisha kupima kwanza, ili ukienda uende ukijua unachofuata.

Usinunue miwani ya kusomea ya barabarani bila kupimwa. Ile mara nyingi ni ya wazee wasioona karibu, na kwa asiyeona mbali itazidisha ukungu. Na wale wanaosema "miwani inaharibu macho" au "ni za wazee", waambie hapana. Miwani iliyopimwa haidhoofishi jicho la mwanafunzi. Na wewe unayemcheka mwenzako mwenye miwani, acha. Unaweza kumfanya aivue, na ukimvua miwani umemvua na masomo.

Lakini macho yakiuma sana, yakiwa mekundu na kuona kunapungua, ukiona mimweko ya ghafla au giza upande mmoja, au kitu kimekuchoma jichoni, usipime kwa grafu. Nenda kituo cha afya siku hiyo hiyo.

JIPIME

1. Maandishi ni safi kwenye simu lakini yana ngazi kwenye kompyuta. Je, ni macho?
2. Ukikuza karatasi ya mtihani uliyotumiwa, herufi zinakuwa mabaka. Kwa nini?
3. Ukirudi nyuma hatua moja ukungu unazidi, na kupitia tundu la pini unapungua. Ufanye nini?

Majibu: (1) Si lazima, pikseli za simu ni ndogo zaidi, jicho halizioni. (2) Ni picha iliyobanwa, siyo maandishi. Omba itumwe kama hati. (3) Mwambie mzazi na mwalimu, kisha ukapimwe macho.

Umepata yote matatu? Safi sana. Kesho beba karatasi yako ya grafu darasani na uwapime wenzako watano. Kama hesabu ya Mwanza inafanana na ya kwenu, katika mkondo wa wanafunzi 50 wanaweza kuwamo watatu wanaohitaji miwani, na huenda wawili kati yao hawajui. Huenda mmoja wao ni yule anayeitwa mvivu kila siku.